Mjukuu ni Wako, Lakini Mpakani Wanaulizia Wazazi Wake

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wastaafu, Kirumba, Mwanza)

Ndugu mwenyekiti, wastaafu wenzangu, akina babu na akina bibi mliotoka Igoma, Buhongwa na Ilemela, na ninyi mliovuka kutoka Sengerema asubuhi hii: mwangaluka. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa niseme kidogo kuhusu kusafiri na wajukuu kwenda nje ya nchi. Likizo ya Juni imeshabisha hodi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu anayekwenda Geita, Bukoba na kuendelea mpaka Uganda hana tena habari ya kukaa foleni akisubiri pantoni. Upande wa pili kuna Sirari, unaingia Kenya, jioni uko Kisumu. Halafu wengi wetu hapa tuna watoto waliotawanyika: huyu yuko Nairobi, yule Kigali, mwingine Uingereza. Simu inapigwa: "Mama, likizo hii njoo na mtoto, nauli natuma." Tukishasikia hivyo, mawazo yote yanakwenda kwenye dagaa wa kubeba, sato wa kukausha na nguo za mtoto. Karatasi tunazikumbuka usiku wa mwisho, na tunachokumbuka ni pasipoti na kadi ya njano ya chanjo basi.

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Nimejaza fomu za watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu. Naomba niwaeleze yaliyonikuta mimi na mjukuu wangu, kwa sababu sheria peke yake nikiwasomea hapa mtasinzia, na sitawalaumu.

Mwaka ule daraja lilikuwa bado nguzo tu zimesimama majini. Mjukuu wangu alikuwa na miaka saba. Nimemlea mimi tangu ana miezi kumi na moja, mama yake akiwa kazini Dodoma. Baba yake na mama yake waliachana mtoto hajaanza hata kutembea. Tulikuwa tunakwenda Kampala kwa mtoto wa marehemu dada yangu, wiki mbili, tukaone wanyama wa Entebbe, turudi. Nilikuwa na hati yangu ya safari, na yake ambayo mama yake alikuwa ameshamtafutia, na vyeti vyetu vya chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake cha kuzaliwa nilikiacha nyumbani ndani ya sanduku, kwa kuogopa kisije kikapotea njiani. Najua wengi wenu cheti hicho kiko hapohapo sandukuni, kimekunjwa na hati ya kiwanja.

Tulifika mpakani asubuhi. Dirishani alikuwapo binti mmoja, afisa, umri wake ni wa watoto niliowafundisha darasa la tatu. Akaangalia hati ya mtoto, akaangalia yangu. Akarudia. Jina la mtoto, la baba, la babu mzaa baba. Jina langu halimo popote. Akatoka dirishani, akaja upande wetu, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Akamuuliza kwa upole sana, "Huyu uliyekuja naye ni nani?"

Mtoto akajibu, "Mama."

"Na mwingine yuko wapi?"

"Dada yuko Dodoma."

Wazazi wenzangu, mnaelewa. Nyumbani kwangu wajomba zake wananiita Mama, na yeye ananiita Mama. Wajomba zake wanamwita mama yake Dada, na yeye anamwita Dada. Nani kati yetu hana mtoto wa namna hiyo nyumbani? Lakini mimi dakika mbili kabla nilikuwa nimemwambia yule binti kwamba ni mjukuu wangu. Sasa mtoto anasema mimi ni mama, na mama yake mzazi anamwita dada. Akaulizwa mnakwenda kwa nani, akasema kwa anti. Anti gani? Hamjui jina, hajawahi kumwona.

Afisa akaniomba barua ya wazazi. Sina. Nikamwonesha ujumbe wa mama yake kwenye simu, "Safari njema Mama, mwangalie asichungulie dirishani." Tukampigia, akapokea, akasema ndiyo, nimeruhusu. Afisa akanijibu maneno ambayo siku ile niliyaona ya ukatili: "Mama, mimi hii sauti siijui ni ya nani." Kisha akauliza, baba je? Namba yake mimi sikuwa nayo. Miaka yote ile nilikuwa sina namba ya baba wa mtoto ninayelala naye chumba kimoja. Ikabidi binti yangu aitume. Simu ikawekwa sauti ya nje, na baba wa watu akasema: "Mtoto wangu yuko mpakani? Na nani? Mimi sina habari."

Basi halikutusubiri. Kondakta akafungua buti, akatushushia begi, gari likaondoka na abiria wengine wote wakituangalia kwa madirisha. Tulilala gesti, kitanda kimoja. Usiku mtoto akaniuliza, "Mama, tumefanya kosa gani?"

Nilikesha na hasira. Nilimlaani yule binti, nikamlaani baba wa mtoto. Ilinichukua majuma kadhaa kukaa chini na kujiuliza: hivi yeye angejuaje? Mtu anayemtorosha mtoto naye husema ni bibi yake, au shangazi yake. Husema hivyohivyo kama nilivyosema mimi, kwa sauti ya kujiamini, na mtoto amemshika mkono. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunajua jinsi mabinti wadogo wanavyochukuliwa vijijini wakaambiwa wanakwenda kusomeshwa mjini, kumbe wanakwenda kuwa watumishi wa ndani, wengine mbali sana, wengine hawaonekani tena. Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, na ina Sheria ya Mtoto tangu mwaka 2009 inayosema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Yule afisa ndiye mtu wa mwisho kumwona mtoto kabla hajavuka. Ana dakika tatu. Hana namna ya kuona moyo wangu. Anachoweza kuona ni karatasi.

Kwa hiyo nawaomba sana, tuache kusema kwamba barua ya ridhaa, yaani ya wazazi kuruhusu mtoto asafiri, ni kuwadharau wazee. Nimelisikia hilo hata leo nje pale kwenye chai. "Mimi niombe ruhusa ya kumbeba mjukuu wangu, kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe?" Ndiyo, uombe. Ulezi tunao, mapenzi tunayo, lakini wenye mamlaka ya mzazi juu ya mtoto ni baba na mama yake, labda mahakama iwe imeamua vingine.

Sasa barua yenyewe. Nitaieleza taratibu kwa sababu hapa ndipo tunapokosea.

Iandikwe na wazazi wote wawili, majina yao kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, namba za vitambulisho hivyo, na namba za simu ambazo kweli zinapokelewa. Itaje mtoto kwa majina yake ya kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe aliyozaliwa, na namba ya pasipoti au hati yake ya safari. Ikutaje wewe: majina, namba ya pasipoti, na wewe ni nani kwa mtoto. Isiandikwe "bibi" tu, iandikwe "bibi mzaa mama". Iseme mnakwenda nchi gani, mtapitia mpaka gani au uwanja gani, mtakaa kwa nani na wapi, mnatoka lini na mnarudi lini. Barua isiyo na tarehe ya kurudi inatia shaka, na mimi kama ningekuwa afisa ingenitia shaka.

Wazazi waisaini mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kuapisha watu, apige muhuri. Hapo inakuwa na uzito wa kiapo. Aliyesaini hawezi kesho kusema hakuwa yeye, na asiyesaini hawezi kusainiwa na jirani. Ambatisha nakala za vitambulisho vya wazazi, ili sahihi ifananishwe na sahihi. Kama unakwenda nchi ambayo Kiswahili hakisomwi, iandikwe pia kwa Kiingereza, na wakili agonge muhuri zote mbili. Tengeneza nakala halisi mbili. Moja ubaki nayo mkobani, mwilini kwako, siyo kwenye begi lililo ndani ya buti. Nyingine iwe kwa mwenyeji wako kule.

Kuna sentensi moja ambayo watu wengi huiacha, nayo ni ya matibabu. Andikeni kwamba bibi au babu huyu anaruhusiwa kukubali mtoto atibiwe, na afanyiwe upasuaji wa dharura ikilazimu. Malaria ya mtoto haisubiri mama apatikane hewani. Mjukuu wa rafiki yangu alivunjika mkono kwenye bembea akiwa likizo nchi jirani, daktari akataka sahihi ya mzazi kabla ya kumlaza usingizi wa kumnyoosha mfupa. Bibi analia, mtoto analia, mzazi simu yake imeisha chaji. Walimpata baada ya muda wa saa nne. Saa nne mtoto anaushikilia mkono uliovunjika.

Cheti cha kuzaliwa kitolewe sandukuni, kisafiri. Na hapa nina jambo ambalo sikulijua mpaka liliponikuta. Cheti cha mjukuu kinamtaja mama yake. Hakinitaji mimi. Kinachonitaja mimi ni cheti cha kuzaliwa cha binti yangu. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, mtu asiyekujua kabisa anaona mstari kutoka kwako hadi kwa mtoto: huyu kamzaa huyu, huyu kamzaa huyu. Sasa wangapi hapa watoto wetu waliozaliwa miaka ya themanini wana vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa serikali wa usajili? Wengi tuna vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki. Inawezekana kusajili mtu mzima, usajili uliochelewa, na hizo kadi na vyeti vya shule ndivyo ushahidi. Lakini si kazi ya wiki ya safari. Anzeni sasa, hata kama hamsafiri mwaka huu.

Majina! Wasukuma wenzangu, majina. Nyumbani mapacha tunawaita Kulwa na Doto, mtaa mzima unawajua kwa Kulwa na Doto, mwalimu wao anawajua hivyo. Kwenye cheti wana majina ya ubatizo, na Kulwa halimo. Nimeona kwa macho yangu barua nzuri, ina muhuri, imesainiwa na baba na mama, inasema "tunawaruhusu watoto wetu Kulwa na Doto". Barua ile haikuwa ya mtoto yeyote aliyekuwa na pasipoti. Na mapacha waandikiwe kila mmoja barua yake, maana yaweza kutokea mmoja akaugua mkagawana njia. Angalieni pia herufi. Masanja na Massanja ni watu wawili mbele ya mashine.

Mtaniuliza: na kama wazazi hawapo wote? Baba akiwa amefariki, chukua cheti cha kifo. Wakiwa wameachana na mahakama ikatoa amri kuhusu malezi, beba nakala ya amri. Kama cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, mama ataandika hivyo kwenye kiapo chake kwamba ndiye mzazi pekee aliyeandikishwa. Mzazi aliyeko Oman au Dubai aende ubalozi wetu huko akaulize namna ya kusaini mbele yao. Wajukuu yatima tunaowalea wenyewe, na tuko wengi, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto inampa ndugu anayemlea mtoto nafasi ya kuomba mahakamani apewe malezi kisheria. Ukishakuwa na amri hiyo, huna haja ya kutafuta sahihi ya marehemu.

Lakini kuna hali moja ambayo siyo ya karatasi, nayo ndiyo iliyonileta hapa mbele. Ni baba aliye hai, ambaye hatumpendi.

Nilikuwa naye. Kwangu mimi alikuwa mtu aliyemwacha binti yangu na mzigo wa maneno ya watu. Nilikuwa nasema, hatoi matunzo, ana haki gani ya kuulizwa? Basi baada ya ile safari iliyoharibika, nikapanda daladala mpaka Misungwi, anakotengeneza pikipiki. Nilimkuta chini ya mwembe, injini imefunguliwa juu ya gunia, mikono yote grisi. Aliponiona alisimama. Nikamwambia kilichonileta, nikamtolea barua niliyoiandaa.

Hakuichukua. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni ya unga, akajifuta kwa shati lake, akanawa tena. Ndipo akaishika kwa pembe zake. Akaisoma yote, polepole, midomo inatembea. Alipofika kwenye jina la mtoto akasimama hapo kidogo. Akaniambia, "Mama, tangu azaliwe hakuna aliyeniuliza kitu chochote juu yake."

Sikuwa na la kujibu. Sikumuuliza, ni kweli. Mtoto alianza shule sikumwambia. Alilazwa kwa nimonia sikumwambia. Na pale mpakani aliposema hana habari, hakuwa anatukomoa; alikuwa anasema ukweli mtupu.

Akauliza, "Atapanda boti?" Nikasema hapana, ni basi. Akauliza watapita ile sehemu ya ikweta? Nikasema ndiyo, iko Kayabwe, kati ya Masaka na Kampala, watu hushuka wakapiga picha. Akasema sawa. Kesho yake alifunga kazi, akaja mjini kwa nauli yake, akasaini mbele ya wakili. Aliomba nakala moja akae nayo. Wakili akamtolea.

Naendelea, mwenyekiti ananionesha saa.

Mnaokwenda mbali zaidi, kwa ndege. Uingereza, mtoto huombewa visa yake, na viza ile hutaja mtu mzima atakayesafiri naye. Akitajwa bibi, ni bibi. Siku ya safari bibi akiugua ukampa babu akupokee, mtoto anaweza kuzuiwa. Nchi za Ulaya zinazotumia viza ya Schengen, fomu ya mtoto husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria, siyo wewe. Kanada na Marekani wanashauri waziwazi mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili awe na barua ya ridhaa, ya Marekani iwe na muhuri wa wakili. Afrika Kusini walikaza sana kuanzia Juni 2015, familia nyingi zikakwama viwanjani kwa kukosa cheti chenye majina ya wazazi wote na kiapo cha ridhaa. Baadaye walilegeza, ila sheria za namna hii hukazwa na kulegezwa. Kwa hiyo nchi yoyote unayokwenda, uliza ubalozi wake, na uulize Uhamiaji wetu, mwaka huohuo unaosafiri. Usiniulize mimi, wala usimuulize jirani aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Shirika la ndege nalo lina masharti yake kuhusu watoto, na wao ndio wanaoweza kukukatalia hata kabla Uhamiaji hawajakuona.

Chanjo ya homa ya manjano: tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba dozi moja inatosha maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani ya mtoto msiitupe.

Na mzungumze na mtoto mwenyewe. Siyo kumkaririsha uongo. Mwambieni ukweli wa majina. Mimi wa kwangu nilikaa naye barazani jioni tatu. Mama yako mzazi anaitwa nani? Baba yako? Mimi ni nani kwako? Tunakwenda kwa nani? Mwanzoni aliona ni mchezo. Jioni ya tatu akauliza, "Kwa hiyo wewe siyo mama?" Nikamwambia mimi ni bibi, mama wa mama yako, na hata ukiniita Mama mpaka nizeeke nitaitika. Akafikiri, akasema mpakani atasema bibi, nyumbani atasema Mama. Na alifanya hivyo.

Tulikwenda Desemba ya mwaka uleule. Mpakani alikuwapo afisa mwingine, kijana. Akasoma barua, akapiga namba moja tu, ya baba. Simu ilipokelewa kabla haijaita mara mbili. Akagonga muhuri. Kayabwe tulishuka, mtoto akasimama mguu mmoja huku mguu mmoja kule, akasema, "Mtumie Baba." Nikatuma, na namba sasa ninayo.

Ndugu zangu, wakili mmoja amekubali kukaa nasi mpaka saa tisa, meza ile ya dirishani. Barua za mfano zipo, za Kiswahili na za Kiingereza. Leo hatasaini mtu, kwa kuwa wazazi wenyewe hawapo, na asiyekuwapo hasainiwi. Chukueni mfano, mjaze kwa penseli majina ya kwenye cheti, halafu jioni mpigieni simu baba wa mtoto. Asanteni kwa kunisikiliza.